Gitaa Zito na Gitaa Jepesi

Jumapili, 6 Julai

Kwa majonzi makubwa natangaza kifo cha uzi mwembamba wa gitaa langu, kilichotokea leo misa ya kwanza, katikati ya wimbo wa Utukufu. Marehemu ameacha ndugu watano, wote wana kutu. Rambirambi hazijapokelewa. Waumini hawakugundua.

Mchana nimefumua waya wa breki ya baiskeli, nikachomoa unyuzi mmoja, nikaufunga mahali pake. Unalia kama mbuzi, lakini unalia. Gitaa lenyewe ni la Kichina, jekundu. Niliuziwa na mchimbaji aliyekuwa anahama Katoro kwa haraka. Sikumuuliza haraka ya nini.

Baada ya misa mwenyekiti wa kwaya, Baba Kulwa, katutangazia kwamba mwezi huu tunarekodi. Studio ya Geita mjini, na video juu yake. Atagharamia yeye. Ananunua dhahabu kwa wachimbaji, anaweza.

Nimepiga solo kwenye kwaya hii tangu kanisa lilipokuwa turubai. Hakuna aliyewahi kunirekodi. Nataka mara moja tu nisikike mahali ambapo mimi mwenyewe sipo. Naliandika hapa. Mtu simwambii.

Jumanne, 8 Julai

Baba Kulwa kanunua gitaa. Limefika na basi, ndani ya sanduku gumu lenye zulia. Mimi nyumbani sina zulia.

Ni jekundu. Umbo lilelile la langu, pembe zilezile mbili. Waliotengeneza langu walikuwa wanaliangalia lile. Langu ni picha ya kitambulisho, lile ni mtu mwenyewe.

Akasema gitaa bora ndilo lipige solo, na mwenye nalo ndiye mpigaji. Mimi nitamsindikiza. Anajua mikao mitatu ya vidole, na wa tatu hana uhakika nao.

Nimesema sawa, mwenyekiti. Nimekasirika sana.

Jumatano, 9 Julai

Kaniachia gitaa nimwekee nyuzi sawa. Nimefunga mlango wa kibanda changu cha kutengenezea redio. Redio za watu zikasubiri.

Nimeyalaza yote mawili mezani, nikaanza kutafuta kasoro ya lile la bei. Nilitaka sana kuipata.

Shingo. Langu vyuma vyake vimechomoza pembeni, ukipitisha kiganja ni kama unapapasa msumeno. Lake linateleza kama mpini wa jembe uliolimiwa misimu mingi.

Kutulia. Langu nikilipanga sauti wakati wa wimbo wa mwanzo, ikifika sadaka limeshabadili dini. Lake nimelipanga asubuhi, kisha nikazivuta zile nyuzi makusudi, nikazichokoza. Jioni ziko palepale.

Kelele. Langu hata usipoligusa linaunguruma, utadhani kuna karasha linasaga mawe nyuma ya nyumba. Lake likinyamaza limenyamaza.

Halafu sauti. Niligusa uzi mmoja tu. Kwenye langu sauti hutoka ikafa hapohapo, kama moto wa karatasi. Hii ilikaa. Ikaondoka polepole, kwa adabu, kama mgeni anayeaga nyumba nzima mmoja mmoja. Nikarudia. Nikarudia tena. Aliyekuwa anagonga mlango akachoka, akaenda zake.

Nikafungua kifuniko cha nyuma. Waya zimelala kwa mpangilio. Risasi ya kuchomelea inang'aa, kila kiungo tone moja safi. Aliyeifanya kazi ile sitamjua maisha yangu yote. Nimemwamkia shikamoo, peke yangu, kibandani.

Niwe na haki kwa langu pia. Limeshaanguka kwenye bodaboda barabara ya Ushirombo, limenyeshewa, limekaliwa na mama wa sauti ya pili. Bado linapiga. Lile jingine sijui kama lingekubali kukaliwa.

Kasoro sijaiona. Nina wivu. Ni wivu wa kawaida tu, hauna la kumfundisha mtu.

Ijumaa, 11 Julai

Siku mbaya. Au nzuri. Naandika yote, nitaamua baadaye.

Baba Kulwa kaja kuchukua gitaa lake. Kaliinua. Kwa kupitisha muda akainua na langu. Akasimama. Akabadilisha mikono. Uso ukawa ule anaokuwa nao pale mchimbaji anapomletea shaba akiiita dhahabu.

"Fundi, mbona la kwako zito?"

Sikuelewa hatari. Nikasema ndiyo, ni zito.

Akayabeba yote mpaka duka la mchele la jirani, akayapima kwenye mzani mmoja baada ya jingine. Langu likalizidi lake, tena kwa mbali. Akakaa juu ya gunia.

"Nimepigwa," akasema. "Chenye mali ndani kinakuwa kizito. Hili la kwangu povu tupu."

Nikamweleza. Nikasema Baba Kulwa, lako ni mti mmoja uliokaushwa vizuri, ndiyo maana jepesi. Langu ni mabaki ya mbao yaliyogandishwa kwa gundi. Gundi ndiyo yenye uzito pale.

Akaniangalia kwa huruma.

"Fundi, mimi ni mnunuzi. Mtu akianza kuiponda mali yake mwenyewe, najua hataki itoke mkononi. Unanificha."

Nikaapa. Kuapa kukaniharibia kabisa.

Akasema basi, maji yataamua. Ndivyo wanavyopima dhahabu wakiitilia shaka. Wanaipima kavu, kisha wanaipima ndani ya maji, tofauti inasema ukweli. Akaagiza pipa kwa waosha pikipiki. Watu wakajaa. Mmoja akashauri yatumbukizwe pamoja ili pasiwe na upendeleo. Mwingine akaniuliza kama yanajua kuogelea.

Akalishika lile la bei shingoni, akaliteremsha. Kitako kikagusa maji.

Zile waya. Yale matone ya risasi.

Nikasikia mdomo wangu unasema, "Umenishika, Baba Kulwa. La kwangu ndilo lenyewe."

Watu wakacheka, wakasema Fundi alikuwa anakula kimya kimya. Baba Kulwa hakucheka. Akalifuta lile jepesi kwa shati lake, akanipa. Akachukua langu.

"Tumebadilishana. Tusikumbushane."

Na kwa kuwa sasa yeye ndiye mwenye gitaa bora, solo ni yake. Kwa hiyo nimepata gitaa zuri kuliko yote Katoro, la kumsindikizia mtu wa mikao mitatu.

Jumamosi, 12 Julai

Nimelipiga kutwa nzima. Sijala mpaka saa kumi. Vidole vinafika mahali ambapo sikujua kuna mahali.

Ukweli nilimwambia, akaukataa. Uongo nikamwambia, akauamini. Nikiyaweka hivyo naonekana mtu safi. Lakini gitaa liko kwangu.

Jumapili, 13 Julai

Mama Kulwa kanisubiri nje ya kanisa. Ndiye anayeongoza sauti ya kwanza, na hasemi na mtu bila sababu.

"Shikamoo, Mama Kulwa."

"Marahaba. Lile povu linaendeleaje?"

Nikaanza kujieleza. Akanikata.

"Niliuona uso wako pale pipani, Fundi. Kama aliyekuwa anazamishwa ni mwanao. Hapo nikajua lipi ni lipi."

Nikamuuliza kama nilirudishe.

"Ulirudishe alifanyie nini? Lile alikuwa analigusa kama amegusa maiti. Hili lako analipiga mpaka vikombe vinacheza kabatini. Jana kanipigia wimbo mzima, hakukosea, akaomba chai. Mwache." Akafunga kitenge vizuri. "Mume wangu anapima kila kitu. Mimi alinihesabia ng'ombe tu. Namshukuru Mungu hakuniita kwenye pipa."

Nimelala mchana kwa mara ya kwanza tangu Jumanne.

Alhamisi, 17 Julai

Mazoezi. Baba Kulwa kwenye solo ni mateso. Anakimbia, anajikwaa, anasimama kuangalia vidole. Lakini akisahau kwamba yeye ni solo, akabaki na mikao yake mitatu, anapiga imara kabisa, kama anayetwanga. Nimemsikiliza kwa pembeni. Ana mkono. Ningekuwa na roho mbaya zaidi nisingeliandika hili.

Jumamosi ndiyo studio. Nitaenda Geita na gitaa lile, nitapiga mlio uleule mmoja wimbo mzima, na hakuna atakayejua nilikuwepo. Inaniuma.

Jumamosi, 19 Julai

Studio ni chumba kimoja, kuta zimebandikwa trei za mayai. Mtaalamu ni kijana mpole mwenye miwani. Kinanda chake kimekaa mbele yake kama sahani ya chakula.

Kwaya wakaimba. Mama Kulwa akaimba mpaka kijana akavua miwani.

Ikafika zamu ya solo. Baba Kulwa akaanza. Akakosea. Akaanza. Jasho likamtoka, gitaa likaanza kuteleza. Akatoka nje. Kwaya wote tukaangalia trei za mayai.

Aliporudi alikuwa amenyooka, kama mtu mwenye uamuzi.

"Fundi. Ukiosha mchanga kwenye karai, kizito kinakaa wapi?"

"Chini, Baba Kulwa."

"Basi mimi nakaa chini. Wewe pita juu na hicho chepesi chako."

Alilisema kama amri. Hakuna aliyecheka, wala hapakuwa na cha kuchekwa. Mtu ameachia alichokitaka mbele ya watu wote na bado ametoka mwenyekiti. Mimi nisingeweza.

Akarekodi mikao yake mitatu, imara kama ukuta. Kisha mimi nikakaa. Lile gitaa jekundu likanitangulia, mimi nikalifuata. Kuna mahali kabla ya kibwagizo cha mwisho niliacha uzi mmoja ulie peke yake, nikausikia unaaga nyumba nzima. Sikukosea hata mahali pamoja. Kijana akainua dole gumba.

Nimefurahi. Sina neno jingine.

Jumapili, 20 Julai

Video, kwenye majabali nje ya mji. Vitenge vipya, vumbi jingi. Tumeshika magitaa bila waya wowote, tukapiga hewa. Hakuna anayeuliza umeme wa majabalini unatoka wapi. Baba Kulwa kaniomba nisimame karibu naye, yaonekane yote mawili.

Jumatano, 30 Julai

Wimbo umetoka. Kijiwe cha bodaboda wanaupiga. Mama wa duka la mchele anaupiga. Mteja mmoja kaja kuchukua redio yake, kaniambia huyo mpiga solo ana mkono wa pekee.

Jioni Baba Kulwa kaja na simu, kaketi kwenye benchi langu, kafumba macho.

"Unasikia? Zito chini, jepesi juu."

Nikasema nasikia. Nilikuwa nasikiliza ule uzi kabla ya kibwagizo cha mwisho. Ulikatika mapema.

Alipoondoka nikampigia kijana wa studio. Kanijibu kwa upole. Kompyuta ilizima, ikapoteza magitaa yote mawili, na yeye hakutaka kutusumbua turudi Geita. Sehemu zetu kazipiga mwenyewe kwa kinanda.