Maganda ya Mayai kwa Nyungunyungu

Umoja, Nairobi
Jumapili mchana

Mama mpendwa,

Nakusalimu wewe na wote walio hapo nyumbani. Goti linaendeleaje? Na shamba, mmepanda au bado mnaangalia mawingu? Mimi ni mzima, hata nimenenepa kidogo. Ukisikia nilikaribia kufutwa kazi usishtuke, bado ninayo.

Kwanza nikwambie ukweli. Huko mnasema ninafanya kazi na daktari. Ni kweli, ila huyu hatibu watu. Ni mama msomi anayechunguza nyungunyungu, na mimi ndiye ninayewalisha. Usicheke. Nyungunyungu ana vitezi vidogo kandokando ya koo. Akila udongo wenye chokaa, vitezi huifyonza ile iliyozidi mwilini, kisha hutoa maji meupe yenye chembechembe, yanashuka tumboni na kutoka na kinyesi. Nimeona kwa macho yangu kwenye hadubini. Daktari aliweka trei mbili, moja ina chokaa, nyingine haina, apate kulinganisha.

Basi ile isiyo na chokaa ilinitia huruma. Nikakumbuka unavyotwanga maganda ya mayai na kuwarudishia kuku wasitage mayai laini. Nikawa naomba maganda kwa muuza mayai ya kuchemsha pale Donholm, nayasaga yawe unga, nanyunyiza. Wiki tatu, na najiona fundi.

Jumanne Daktari akapasua mmoja wa trei hiyo. Vitezi alivyotarajia vitupu vilikuwa vyeupe pepepe.

"Nani ameguza hii trei?"

Hakuna aliyewahi kuniona. Lakini Musa, anayefagia, alikuwa ameshaanza kujitetea, na nikaona aibu afukuzwe kwa maganda yangu.

"Ni mimi, Daktari. Nimekuwa nikiwapea maganda ya mayai. Niliona wamekonda."

"Mutua, umeniharibia kazi ya miezi miwili."

Mama, niliogopa sana. Nikamwambia nakumbuka siku niliyoanza, na kipimo kilikuwa kimoja tu, kijiko cha chai kila Jumatatu na Alhamisi. Akaniangalia, akavuta daftari.

"Sema tena, pole pole. Na ni nani alikufunza kusaga maganda?"

"Mama yangu. Ni ya kuku."

Hakuitupa trei; alisema maadamu kipimo na siku vinajulikana, nayo itakuwa jaribio la tatu. Tumeanza nyingine isiyo na chokaa, na nimeamriwa huruma niiache mlangoni. Nitaiweza, kwa sababu kazi hii naijua sasa kuliko nilivyoijua mwezi jana.

Nisalimie mjomba mchonga vinyago, na jirani yetu aliyenipa viatu vya safari. Mwambie baba dawa yake ya kifua nimeshaituma.

Dada Mwende, wewe unayemsomea mama, hapa msomee mara mbili: ile trei ya maganda imebandikwa karatasi, na Daktari ameandika kwa mkono wake, "Njia ya Mama Mutua."

Mwanao,
Mutua