Koili Isiyotaka Kuachia Umeme

Kindu, Ijumaa jioni

Joto. Mawingu yamefunga tangu mchana lakini mvua haijaamua. Mikono yangu inanuka bati la kuchomelea, nami nina furaha inayonitia hofu kidogo. Niandike kabla haijaniponyoka.

Wiki nzima pampu ya maji ya maternité, hospitali ya wazazi, imenitesa. Frère mmoja, mtawa wa misheni, alileta kutoka Ulaya kadi yenye kompyuta ndogo mno, kipande cheusi chenye miguu kama jongoo. Kazi yake: tangi likipungua iwashe pampu, likijaa iizime. Mimi, fundi umeme wa reli, nikaombwa kuifunga. Nikaiunganisha na relé ya zamani ya garimoshi, swichi inayovutwa na koili kubwa kama ngumi, yenye betri yake.

Inawasha vizuri. Inazima vizuri. Kisha inaduwaa.

Taa yake inaganda, tangi linakauka, nayo haina habari. Mkunga, Mama Feza, alinijia juzi ndoo tupu mkononi: "Papa Ntumba, mashini yako iko inalala tena. Wanamuke wanazaa, mayi hakuna!"

Na mke wangu, Mama Ntumba, yuko karibu kujifungua. Maternité ikikosa maji, kila mzazi huja na yake. Basi Mama Ntumba ameweka bidoni mbili, madumu yaliyojaa maji, mlangoni, kando ya nguo za mtoto. Kila asubuhi nazipita nikitazama pembeni.

Leo nilikaa karibu na sanduku la umeme, redio yangu ikiimba nyimbo za Chama, zile za kumsifu Rais. Tangi likajaa, relé ikaachia, redio ikafanya kraa! Nikarudia. Relé ikishika, redio inaimba tu. Ikiachia, kraa!

Nikacheka peke yangu, kwa kukumbuka utani wetu wa kazini.

Kwenye karakana ya reli tuna mchezo. Mgeni anapewa nyaya za koili azishike, anaambiwa betri hii ndogo haiumi. Kweli haiumi. Halafu mtu anachomoa betri, na mgeni anaruka akimwita mama yake. Nilirushwa hivyo, nami nimewarusha wengine. Miaka yote hiyo sikuwahi kujiuliza kwa nini koili inauma wakati inapokatiwa umeme.

Koili haikubali kuachia ghafla. Umeme uliokuwa ukipita ndani yake unataka kuendelea, na ukikuta njia imekatwa unapanda, unakuwa mkali kuliko betri yenyewe iliyouleta. Ni waya uliozungushwa tu! Huoni kitu, hunusi kitu, lakini kadi inaupata na akili inaruka.

Nikang'oa diodi, kidude kinachopitisha umeme upande mmoja tu, kwenye redio iliyokufa, nikaichomelea sambamba na koili, imegeuzwa ili umeme wa betri usipite humo. Ule wa ghafla ndio unaopita, unazunguka ndani ya koili mpaka unaisha. Redio ikabaki kukohoa kidogo. Ila kadi bado iliduwaa mara moja moja.

Hapo nikatazama nyaya zangu. Sisi wa reli tunafunga nyaya zote pamoja kwa uzi, fundo kwa fundo, kama nywele zilizosukwa, na wakubwa wakipita wanasifu. Waya mwembamba wa boya la tangi, linaloiambia kadi maji yamefika wapi, nilikuwa nimeulaza ubavuni mwa waya mnene wa pampu, mwanzo hadi mwisho. Kelele zote za umeme wa pampu zilikuwa zinahamia humo.

Nikakata uzi. Iliniuma, jamani. Waya wa boya nikaupitisha peke yake, ukuta wa pili.

"Citoyen, sasa imekuwa mubaya," Mama Feza akasema akichungulia, akiniita raia kwa utani.

"Iko mubaya, mama. Lakini angalia taa."

Relé ikaachia. Redio haikupoteza hata neno. Taa ikaendelea kupepesa. Tukajaribu tena na tena mpaka Mama Feza akachoka kufungua bomba. Nguvu hii ilikuwa kwenye kila koili niliyowahi kushika, nami nikaifanya kichekesho. Ni mangapi mengine yananipita hivi?

Nyumbani nilimweleza Mama Ntumba yote. Alisikiliza, mkono juu ya tumbo. Kisha akabeba bidoni moja ya kwenda kumwagilia lengalenga, mchicha wetu wa nyuma ya nyumba. Ya pili akaiacha pale pale.

"Hii iko ya mutoto," akasema. "Mutoto hajue mambo ya diodi."

Naandika huku nasikia maji yakimwagika kwenye mboga. Wewe uliye tumboni, njoo unapotaka. Bomba lina maji.