Springi Laini za Mutindi

Nairobi
4 Oktoba 1976

Baba mpendwa,

Natumaini barua hii itawakuta wazima, wewe na Mwaitu, mama yangu, na kwamba mmeshalima mkingoja mvua. Mimi sina ugonjwa, ila mikono inanuka petroli.

Najua hukufurahi nilipoacha chuo cha ualimu nikaenda gereji. Mwaka mzima hujaniandikia na sikulaumu. Lakini nina habari. Mwenye gereji, Bwana Kahiga, ana gari ndogo ya mbio, na dereva wake amehamia Mombasa. Amenipa mimi usukani. Mashindano ni Desemba, kutoka Kitui, kupitia Wote, hadi Sultan Hamud, na njia inapita hapo chini ya kanisa letu.

Kahiga ameifunga springi ngumu. Kwenye lami inakata kona bila kuinama, tamu sana. Kwa barabara zetu, sijui. Naomba nije niijaribu huko pamoja na Wangui, msichana anayenisomea ramani. Mtatulaza?

Binti yako,
Mutindi

Wote
15 Oktoba 1976

Mutindi,

Salamu. Hapa sisi ni wazima, isipokuwa goti la mama yako.

Nyumba ni yenu, njooni. Barabara haijaona greda tangu mwaka jana. Imekunjana kama bati, na pale korongoni maji yameikata. Mama yako ametenga kuku. Mimi bado naona mwalimu angekula kwa amani zaidi. Msilete kelele Jumapili wakati wa ibada.

Baba yako,
Nzioka

Nairobi
8 Novemba 1976

Baba mpendwa,

Tulifika Nairobi salama, na hali yangu ni njema. Mwambie Mwaitu Wangui bado anaongea juu ya ile kuku.

Wewe uliona gari ilivyoruka pale kona ya korongo, ikaingia kwa ua wa mkonge wa Mzee Mulei. Ulikuja mbio, ukanivuta nje, ukauliza tu, "Umeumia?" Nikasema hapana. Ukasema, "Basi itengeneze." Nilirudi na hayo maneno njia yote.

Shida haikuwa mwendo. Springi ngumu ikigonga ile mikunjo inakataa kubonyea, basi gurudumu linaruka, na gurudumu lililo hewani halisikii usukani wala breki. Nimezitoa zote. Nimeweka laini, nikainua gari kidogo, nikafunga shokapu zenye nguvu ili springi ikibonyea irudi polepole, isianze kudunda.

Kahiga hakupenda. Alisema, "Kwenye lami ya Sultan Hamud italala kama mlevi, watakupita." Ni kweli, huko nitapoteza muda. Nikamwambia afadhali nipitwe kwenye lami kuliko nibaki korongoni. Akasema, "Sawa. Lakini ukiivunja, hutashika usukani wangu tena."

Siwaombi mje kuona. Niombeeni tu.

Binti yako,
Mutindi

Wote
13 Desemba 1976

Mwiitu wakwa, binti yangu,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Goti la mama yako limepona au amelisahau, maana Jumamosi alitembea hadi korongoni akiwa mbele yangu. Hukutuomba tuje. Tulikuja, na kanisa lote likaja, mchungaji pia.

Gari ya kwanza ilikuja kwa kasi ya ajabu. Kwenye ile mikunjo ilitetemeka mpaka mlango ukafunguka, na korongoni ikavunja kitu chini, ikabaki hapo. Ya pili ilipunguza mwendo kabisa, ikapita ikijikokota. Kisha tukasikia yako. Niliona magurudumu yakipanda na kushuka kama miguu ya mbuzi kwenye mawe, na wewe juu yake umetulia. Ikaingia korongoni, ikabonyea, ikainama, ikatoka. Hukupunguza. Mama yako alipiga vigelegele.

Mzee Mulei akauliza, "Huyo ni mwana wa nani?" Nikamwambia, "Ni Mutindi wangu. Hizo springi alichagua mwenyewe." Nikamweleza habari ya ngumu na laini mpaka akaaga.

Mtu aliyetoka Sultan Hamud ametuambia uliipita ile iliyojikokota, ukafika kwenye lami ukiongoza, kisha gari moja ikakupita, ukamaliza wa pili. Ulijua itakuwa hivyo na hukuogopa. Mimi sihitaji nafasi ya kwanza.

Jana kanisani mchungaji aliuliza nani ana shukrani. Nilisimama. Nikasema mengi, mpaka mama yako akanivuta koti.

Njoo Krismasi, na umwombe Kahiga gari. Nataka kupita pale korongoni nikiwa ndani. Mama yako anasema yeye ndiye wa kwanza, kwa sababu alikuzaa. Kiti cha abiria ni kimoja tu. Bado tunaongea.

Baba yako,
Nzioka