Ulisema Umeshiba Maji

Baba,

Afande wangu, leo naiogopa dripu, na najua ungenicheka. Niko wodi ya walioungua, nimekaa kwenye stuli karibu na Mama Furaha, Mkongomani anayekaanga mandazi mtaa wa Namuwongo. Jana mafuta ya moto yalimmwagikia kifuani na mapajani. Tangu asubuhi mkojo wake umepungua. Dripu iko hapa mbele yangu, na kidole kimoja tu kinatosha kuifungua zaidi.

Dada yake hanipi nafasi ya kupumua. "Dada, ongeza ile mayi! Anakauka, hauone?"

Sauti hiyo ni yangu, Baba. Miaka miwili iliyopita, mtungi wa gesi ulipokulipukia kule Kawempe, mimi ndiye niliyemng'ang'ania daktari akuongeze maji. Mama hajui. Anadhani ni moto peke yake uliokuua. Ulinishika mkono ukasema, "Akello, nimeshiba maji." Nami nikakujibu kama muuguzi, si kama mwanao: mkojo ni mchache, mwili unahitaji maji, tulia. Ukavimba uso, ukavimba miguu, halafu maji yakaingia kwenye mapafu. Nisamehe.

Unakumbuka ulivyotupanga mstari kila Jumapili kule kambini, ukikagua kucha kabla ya kanisa? "Onyesha mkono, kuruta!" Basi siku ile nilibonyeza ukucha wako. Ukawa mweupe, nikaachia, rangi ikarudi mara moja. Damu yako ilikuwa bado inafika mpaka ncha ya kidole; maji yalikuwa yanatosha. Niliona, Baba. Niliona nikapita, kwa sababu karatasi ya vipimo vya mkojo ilisema vingine.

Sasa tuna kamera ndogo, nyembamba kama kalamu. Tunaiweka chini ya ulimi, na kwenye skrini inaonekana mishipa myembamba kuliko unywele, damu ikipita ndani yake. Ya Mama Furaha inatembea vizuri. Daktari amesema tusiongeze maji, tutazame tena baada ya saa moja. Lakini akiwa amekosea je? Figo zikikataa kazi, nitamwambia nini huyu dada? Naogopa kufungua. Naogopa kuacha. Nimeitazama saa ya ukutani mpaka macho yanauma.

Nimemwita dada yake aone mwenyewe kwenye skrini. Ameziba mdomo kwa kitenge, akainama kuitazama damu ikipita.

Saa imetimia. Damu ikiwa imepunguza mwendo, nitamwita daktari mbio tuongeze. Ikiwa bado inatembea, mkono wangu utabaki mfukoni, hata nikilia. Na kabla ya kamera nitamuuliza Mama Furaha anajisikiaje, kisha nitanyamaza mpaka amalize kujibu.

Jumapili nitakwenda kwa Mama. Nitamwambia ulichosema, na nilichokujibu.

Pumzika, Afande. Kucha zangu nimezikata.

Akello wako