Baba Absalom Njau na Mke Mwenza wa Mama

Mwaka umetimia, Baba, tangu asubuhi ile uliyoinama kuokota ndoo ya pumba, ukakaa chini taratibu, usiinuke tena. Majirani walitupigia simu, lakini aliyekuwa nawe mwisho wako hakuwa mmoja wetu. Alikuwa Dachesi, farasi wako mzee. Mama hajakusamehe hilo, na hatutamsemea uongo gazetini.

Mama yetu Wangechi, mke wa ujana wako, alikuwa jikoni akichemsha maharagwe. Anasema ungemwita angekusikia. Anasema ulifia mikononi mwa mwingine, tena mwingine ambaye hata mikono hana.

Ulikuwa saisi. Ulimaliza miaka yako ya kazi kwenye mazizi ya farasi wa mashindano nje ya Ruiru, kando ya mashamba ya kahawa, ukiwasugua, ukiwalisha na kuwatembeza farasi wa watu. Ulikuwa mpole. Hatukuwahi kukusikia ukipaza sauti, si kwa mtoto wala kwa mnyama. Wanyoike, kitinda mimba wako, anasema upole ameurithi kutoka kwako, nasi tunasubiri kuuona.

Mwenye mazizi alipofunga, farasi wote wachanga walipata wanunuzi. Dachesi, jike la kijivu lililowahi kushinda mbio enzi zake, alikuwa amebakiwa na meno machache na goti bovu, na hakuna aliyemtaka. Ukamwomba, ukapewa. Mlitembea kwa miguu kutoka Ruiru mpaka hapa kwetu, nje ya Thika upande wa juu wa mto Chania, mkipumzika kila penye nyasi na kivuli.

Siku hiyo Mama alikuwa amekuchinjia kuku. Alifunga kitambaa kipya kichwani, akajaza chai kwenye chupa, akaketi mlangoni kumpokea mume ambaye kwa miaka mingi alimwona mwisho wa mwezi tu. Sasa umestaafu, na sasa utakuwa wake. Ulipoingia langoni ulimpungia mkono, kisha ukapita moja kwa moja kwenda kumtafutia farasi maji. Uke wenza ulianzia hapo.

Jioni alikuuliza kama ulikuwa umerudi nyumbani au ulikuwa umemsindikiza mgeni.

"Huyu hana mtu mwingine," ulimjibu.

"Na mimi niko na nani?"

Ulicheka kidogo, ukatoka kwenda kumfunika Dachesi, na blanketi ulilobeba ni lile mlilopewa siku ya harusi.

Ulimtunza vizuri mno, na ndipo palipouma. Kila asubuhi ulichukua kikwaruzo cha jikoni kwa Mama ukamkwaruzia karoti, kwa kuwa hakuweza tena kutafuna. Ulizichanganya na pumba na molasi, ukatia maji ya moto, ukaonja kwa kidole kama uji wa mtoto. Mwezi wa saba, baridi ikizidi, Dachesi alikunywa maji ya uvuguvugu. Mama alioga ya baridi, na alihakikisha kila mtu kanisani anajua.

Alilipiza kwa njia yake. Alikataza koti lako la kazi lisivuke kizingiti, maana linanuka farasi. Ulitii, kama ulivyotii mambo yote isipokuwa lile moja. Ulilitundika kwenye msumari bandani, ukanawa nje kabla ya kuingia. Hata hivyo harufu ilikufuata, na Mama alikuwa akigeukia ukuta akisema umemleta mwenzake hadi kitandani.

Siku ya mazishi yako Dachesi alilia kutoka kwenye ua, akalia tena, mpaka mchungaji akanyamaza kumsubiri. Watu wakasema hata mnyama amejua. Tulipomaliza kuweka mashada, nusu ya waombolezaji waliteremka uani kumpa farasi pole na kumpiga picha kwa simu. Mama alikuwa ameketi chini ya hema, mjane wako wa halali, na viti vya mstari wake vilikuwa vitupu. Alimwambia binti yako Maggie kwamba huyo mnyama amemnyang'anya mume akiwa hai na sasa anamnyang'anya matanga.

Wiki hiyo hiyo alishuka bandani mwenyewe, akamkuta Dachesi ameingiza pua kwenye koti lako pale msumarini, ametulia, macho yamefumba nusu. Alilitoa koti, akalilowesha kwa sabuni ya unga, akalisugua, akalisuuza, akalisugua tena, akalianika juani na kulipiga pasi. Kisha akalitundika kwenye kabati lenu, upande wako. Alitaka abaki nalo yeye, na mwenzake akose.

Alipofungua kabati na kuuzika uso wake ndani ya lile koti, hamkuwa na mtu mle. Mlikuwa na harufu ya sabuni tu. Nguo zako nyingine zote tulikuwa tumezifua kabla ya mazishi ili tuwagawie jamaa, kama inavyofanywa. Mama aliketi kitandani akijua amefanya nini.

Na kule bandani, Dachesi aliacha kula.

Tulijaribu, Baba. Maggie alikuja kutoka Gatongora na mumewe Okello, wakakwaruza karoti mpaka vidole vikachubuka. Farasi alizigeuzia kichwa. Daktari wa mifugo alimpima, akasema ugonjwa hauoni, ila mnyama wa umri huo akifunga hivi anajimaliza kwa mateso. Akatushauri kwamba ikifika Jumatatu bado hajala, ni huruma kumdunga sindano alale asiamke. Wanyoike alikubali papo hapo. Alidhani anampa Mama zawadi.

Mama alisema sawa. Halafu akasema anataka kwenda kumwambia mwenyewe.

Maggie alimfuata kwa mbali akiogopa angeanguka kwenye tope, na yeye ndiye aliyesikia. Mama alisimama mbele ya Dachesi akiwa ameshika kiuno. Alimkumbusha kuku aliyepoa, maji ya moto na blanketi. Alimwita majina ambayo hatutayaandika, kwani mchungaji husoma ukurasa huu. Mwishowe sauti ikamkatika.

"Sasa unataka kumfuata pia, umpate peke yako huko? Uniache mimi hapa na nani?"

Akaikamata kamba ya kichwani ili amtazame vizuri. Dachesi akasogea hatua moja, na uso wa Mama ukagota shingoni mwake.

Hapo ndipo alipokukuta. Jasho, nyasi kavu, molasi, ngozi yenye joto. Ile harufu aliyoifukuza mlangoni miaka yote ilikuwa ni yako, na iliyobaki duniani yote ilikuwa kwenye shingo ile. Maggie anasema Mama aliangua kilio ambacho hakukilia kaburini. Alilia akiwa amemkumbatia mtu aliyemchukia kuliko wote.

Hakutoka bandani mpaka amekwaruza karoti kwa mkono wake, akatia maji ya moto, akaonja kwa kidole. Siku ya kwanza Dachesi alilamba kiganja tu. Siku iliyofuata alikula kidogo, na daktari alipokuja Jumatatu na mkoba wake, Mama alimpa chai akamrudisha.

Usidhani wamekuwa marafiki, Baba. Mama bado humsema kila asubuhi akimlisha. Lakini sasa wivu umegeuka upande. Wanyoike akija na karoti huambiwa aziache langoni. Maggie alipoomba aweke uso pale shingoni dakika moja tu, Mama alimwambia kaburi liko wazi kwa kila mtu, aende huko. Goti la Dachesi limevimba tena, na daktari hatuahidi kama atamaliza mvua hizi. Mama anajua. Amehamishia kiti chake bandani.

Tulipoketi kuandika tangazo hili, Maggie aliuliza kwa woga kama jina la Dachesi liwekwe pamoja na ya jamaa. Wanyoike alicheka, kisha akaona uso wa Mama akaacha. Mama alipangusa molasi kwenye vidole.

"Mwandikeni," alisema. "Lakini nyuma yangu."

Ibada ya shukrani itafanyika Jumapili, kisha chai nyumbani. Wageni wanaombwa wasishuke bandani.

Wanaokukumbuka:
Wangechi, mke wako.
Dachesi.
Watoto wako Maggie na Wanyoike, mkweo Okello, wajukuu, na wote uliowahi kuwasalimu kwa upole wako.

Hatutakusahau kamwe, Baba, kila mmoja kwa zamu yake.