Siku niliyomfuata Kombo kwa ajili ya vitanda

Mjukuu wangu Rehema,

Huku Keko tu wazima, ila bibi yako magoti yanamsumbua tangu mvua zianze. Shangazi yako amehamia Bunju, nyumba imekuwa kimya.

Umeniuliza utawapataje watu wa kukushika mkono kazini huko Dodoma. Nikueleze yaliyonipata nilipokuwa fundi seremala kijana.

Fundi mwenzangu Kombo alijuana na wanunuzi wengi. Kila nilipokwama nilimfuata kwake Gongo la Mboto, naye akanisaidia. Nikishapata kazi, sionekani tena. Siku moja nikasikia kuna hoteli inataka vitanda, nikaenda mbio. Nikamkuta barazani peke yake, nikaanza moja kwa moja habari za vitanda. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniandikia jina la mnunuzi kwenye karatasi.

"Mwambie nimekutuma mimi."

Wakati wa kuaga nikauliza, "Shemeji yuko wapi nimsalimie?"

"Tulimzika mwezi uliopita. Nilidhani umekuja kunipa pole."

Kazi ile niliipata. Baadaye nilimtembelea mara nyingi hata nisipokuwa na shida ya kumwomba, nikakaa naye. Alinikaribisha chai, lakini mpaka anafariki tulizungumza habari za mbao tu.

Yule dada aliyekupokea kazini ulipofika, uliniandikia kwamba mama yake amelazwa. Anaendeleaje? Kama hujui, mjukuu wangu, nenda kamuulize.

Ni mimi babu yako, nikuombeaye heri.