Mwano wa Siku ya Kura

Kitongoji cha Kanisani,
Masumbwe, Geita.
Jumapili, 9 Novemba 2025

Mpendwa mdogo wangu Salvina,

Mwangaluka! Na marahaba, maana najua ulipoipokea tu barua hii umeshaniamkia. Hujambo huko Songea? Shemeji Gregory mgongo unamwachia sasa? Na wanangu, wanasoma au wanacheza? Sisi huku tunapumua, Mungu hajatuacha. Mvua imeanza na mahindi yangu yamechomoza kuliko ya bonde zima. Sijisifu, ukija utayaona kwa macho yako.

Usishangae kuona karatasi badala ya simu. Siku za kura mtandao ulikatika, na hata uliporudi watu wanaambiana mambo haya yasisemwe hewani. Nimempa Hosiana, binti wa jirani, akuletee mkononi kwako, kwa kuwa anakuja huko kwa mumewe. Mpe chai, ni mtoto mzuri, ila usimuulize kitu mbele za watu.

Kampeni zilikuwa kelele tupu. Magari ya vipaza sauti yalipita mpaka kuku wakazoea. Mimi nilipata kofia na kanga. Kanga nimeitundika pazia jikoni, inapendeza kweli. Shemeji yako Stanslaus alihudhuria mikutano yote, ya anaowapenda na asiowapenda, maana kote kulikuwa na ngoma. Nikamwambia, "Baba Otmar, kura ni moja, miguu utaimaliza bure." Akanijibu, "Ngoma haina chama, mama."

Hayo ndiyo ya kucheka, mdogo wangu. Hayapo mengine.

Otmar wangu alikuja kutoka Katoro kupiga kura, kwa sababu alijiandikisha hapa nyumbani. Unajua habari zake. Karasha ikigoma kusaga mawe ya dhahabu, matajiri wa Katoro hawaiti fundi mwingine, wanasema mleteni Otmar. Bati hili linalotufunika ni jasho lake. Basi siku ile alivaa shati jeupe, nikatembea naye hadi shuleni polepole makusudi, ili watu wamwone. Tukapiga kura, tukarudi, nikampikia wali.

Jioni, jua bado lipo, shuleni wakiwa wamefunga milango wanahesabu kura, tukasikia mwano kutoka kwa Bibi Zipora, yule mjane wa ng'ambo ya kisima. Umekaa Ungoni miaka mingi, labda umeusahau mwano. Ni yowe la hatari. Ukilia, kila anayesikia anaupokea na kuupeleka mbele, nyumba hadi nyumba, na kila mwanamume anatoka na fimbo au upinde bila kuuliza. Asiyetoka, sungusungu wanamtoza mbuzi, na aibu haimtoki mpaka anazikwa. Wezi walijua wanaume wote akili yao iko kwenye kura, wakafungua zizi la Bibi, wakaswaga ng'ombe wake wote.

Mimi niliupokea. Nyumba yetu ndiyo iliyo jirani na shule, na sauti yangu unaijua. Kwaya nzima ya parokia huwa inanifuata mimi. Otmar akaacha wali kwenye sahani, akachukua fimbo ya baba yake. Nilimtazama akikimbia mbele ya wenzake na shati lake jeupe, nikasema moyoni, huyo ndiye niliyemzaa.

Salvina, nyayo za ng'ombe zilipita nyuma ya shule ileile.

Fikiria wewe ni askari, umetoka mbali huko, Kisukuma hujui, umepewa kazi ya kulinda masanduku ya kura. Unasikia mayowe yanapokezana kijiji kizima. Mara unaona wanaume na fimbo na mishale wanakuja mbio upande wako. Hapo hakuna wa kukueleza habari ya ng'ombe. Walipiga risasi juu, wakapiga mabomu ya machozi, kisha wakapiga watu. Waliokamatwa wakajazwa kwenye gari, Otmar wangu akiwamo. Wezi wakaenda zao salama na ng'ombe, na hadi leo hakuna aliyewatafuta.

Mzee Luka, aliyekamatwa pamoja nao, aliachiwa kwa sababu ya uzee, ndiye aliyetusimulia ya huko ndani. Mkubwa wao alimuuliza Otmar, "Nani alitoa ishara ya kuvamia kituo cha kura?"

Otmar akasema, "Afande, haikuwa ishara. Ni ng'ombe."

"Ng'ombe ndiye aliyepiga kelele?"

"Hapana, afande. Mwenye ng'ombe."

"Mtaje huyo mwenye ng'ombe."

Hapo ndipo Otmar aliponyamaza, na kila akinyamaza wanampiga. Wamesema waziwazi: mleteni aliyeanzisha mayowe, hawa wengine warudi makwao. La sivyo watapelekwa mbele na kesi nzito, ile isiyo na dhamana.

Nilikwenda kumwona na chakula. Mdogo wangu, sikumjua. Mdomo umevimba, anatafunia upande mmoja. Shati limekuwa rangi ambayo sitaki kuiandika. Hakuniuliza habari za kazi yake wala za mkewe. Aliniambia tu, "Mama, msimtaje Bibi. Hatatoka humu mzima." Na kweli, Bibi Zipora kifua kinambana hata akiwa anaota jua uani kwake.

Wanaume walikaa kikao. Magesa, ambaye kijana wake naye yumo ndani, alisema, "Bibi ameshakula chumvi nyingi, sisi tunazika vijana kwa ajili ya nani?" Simlaumu, ana uchungu kama wangu. Shemeji yako alitazama chini muda wote, yeye aliyekuwa hodari wa mikutano.

Kesho yake Bibi mwenyewe akaja kwangu amevaa kitenge cha kanisani, na kifurushi mkononi. "Mama Otmar, nipeleke. Ng'ombe walikuwa wangu, na yowe lilikuwa langu." Salvina, nakwambia ukweli kwa sababu umenyonya ziwa nililonyonya: mguu wangu mmoja ulikuwa umeshavuka kizingiti kumpeleka. Nilimtaka mwanangu. Kisha akaanza kukohoa, akakohoa hadi akaketi chini, na mimi nikaketi naye. Nikamwambia, "Rudi nyumbani, Bibi. Nimwokoe mtoto, halafu nimtazame kwa macho gani?"

Nimewaza sana, nikasali. Bibi Zipora yuko ng'ambo ya kisima, sauti yake imechoka. Wale askari shuleni hawakumsikia yeye. Waliyemsikia ni mimi. Kwa hiyo kesho Jumatatu nakwenda kituo cha polisi kuwaambia kwamba yowe mlilolisikia ni langu, na sitakuwa nimesema uongo. Wakitaka niwapigie tena palepale wahakikishe, nitawapigia mpaka Ushirombo wasikie. Wakiniuliza jina nitawapa lote, pamoja na la marehemu baba, maana si jina la kuficha. Stanslaus nimemwambia leo baada ya misa. Alilia, kisha akanipigia viatu vyangu kiwi.

Wengine wanasema wataniachia siku hiyohiyo kwa kuwa ni mama mtu mzima. Wengine hawasemi kitu, wanaangalia pembeni. Hao ndio ninaowaamini.

Sasa sababu ya barua. Violeth, mke wa Otmar, amekuja hapa kutoka Katoro, na tumbo lake liko karibu. Mama yake hayupo duniani, unajua. Mimi ndiye niliyekuwa nimkande maji na kumpikia uji. Njoo, Salvina. Mwombe shemeji ruhusa, mwambie dada yako mkubwa hajawahi kumwomba kitu. Njoo ushike nyumba, na mtoto akizaliwa umpokee wewe kwa mikono yako kama ningempokea mimi. Akiwa wa kike msimwite jina langu kabla sijarudi. Nataka niwepo nisikie.

Msalimie shemeji Gregory, Denis na mapacha, na yule mama mkwe wako ninayempenda kwa umbea. Mungu Mwenyezi ailinde njia yako yote, na Mama Maria akushike mkono usikomjua mtu. Chukua basi la mapema.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda na nisiyekuficha,

Monika, Mama Otmar